UZI: Sabre na MiG-15 vitani Korea. Soma bawa kwanza, rangi baadaye

Mleta uzi

Wakuu, heri ya jioni. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, leo nalimwaga hapa.

Nilinunua mfano wa plastiki wa F-86 Sabre, jeti ya kivita ya Wamarekani, ile ya kuunganisha vipande kwa gundi. Kwenye boksi kulikuwa na karatasi ya stika za mistari myeusi na myeupe, yaani Sabre ya miezi ya mwanzo ya 1951 pale uwanja wa Kimpo, karibu na Seoul. Nikachukua bawa nikaliweka kwenye mwanga wa taa. Ukingo wake wa mbele ni mgumu, umeungana moja kwa moja, na juu yake kuna ukuta mdogo mwembamba umesimama kama ukucha. Nikarudisha vipande kwenye boksi. Bawa la aina hiyo halikufika Korea mpaka nusu ya pili ya 1952. Mtengenezaji amechukua nguo za ndege moja akaivika nyingine iliyokuja mwaka na nusu baadaye.

Wengine mtasema ni plastiki tu. Kwangu si plastiki tu. Vita ile ya Korea (Juni 1950 hadi Julai 1953) ndiyo ya kwanza ambapo jeti zilipigana na jeti kwa wingi, na kila mstari uliochorwa ubavuni na kila sentimita iliyoongezwa kwenye bawa vilikuwa na sababu yake. Ukizichanganya, unafuta sababu.

Nianze na kufanana. Sabre iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1947, mpinzani wake MiG-15, ya Wasovieti, tarehe 30 Desemba mwaka huohuo. Zote mbili zina mabawa yaliyolazwa nyuma kwa nyuzi 35, elimu ambayo pande zote ziliichota kutoka kwenye utafiti wa Wajerumani. Zote zinavuta hewa kwa mdomo ulio wazi puani. Zote zinang'aa kwa bati lisilopakwa rangi. Sasa jiweke kwenye kiti cha rubani: kitu kinakujia kutoka mbele, wewe unakwenda kasi karibu na ya sauti na yeye vivyo hivyo. Una sekunde chache za kujua kama ni mwenzako au ni mtu anayetaka kukuua.

Ndipo rangi ikaingia kazini. Wamarekani wa Wing ya 4 (wing ni kundi la vikosi vya ndege), waliofika Kimpo Desemba 1950 na Sabre za aina ya A (aina za E na F zilifuata baadaye; hizi A zililetwa kwa meli na baadhi zikaliwa na chumvi ya bahari njiani), walianza na mistari myeusi na myeupe. Halafu ukaja mkanda maarufu: njano pana katikati, nyeusi nyembamba pande zote mbili, ukizunguka mwili na mabawa. Ukijumlisha njano na nyeusi zake, upana wake unakaribia mita moja. Haukuwa urembo. Ulikuwa unasema neno moja tu, "mwenzio", kwa mtu asiye na muda wa kusoma neno la pili.

Nitaendelea. Wenye maswali wayaweke.

Mdau wa Mwanza

Mkuu, naweka kambi hapa. Swali langu: mimi nikiangalia picha za Sabre zote naona ndege moja. Hizo A, E na F unazitofautishaje bila kusoma maelezo chini ya picha?

Mleta uzi

Swali zuri mno mkuu, na jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Tafuta picha ya Sabre ikiwa imeegeshwa chini. Angalia ukingo wa mbele wa bawa. Kama kuna kibao kirefu kimejiachia na kuning'inia mbele, hiyo ni A, au E, au F za mwanzo. Vibao vile havikuendeshwa na rubani. Vilijifungua vyenyewe ndege ikienda polepole au ikikata kona kali, kasi ikipanda upepo unavisukuma vinafunga. Ndiyo maana ndege ikiwa imesimama vinalegea.

Baadaye wahandisi wakaona vibao vile vinasaidia wakati wa kutua lakini vinamgharimu rubani anapokuwa juu sana, kule MiG ilikokuwa bwana. Wakaviondoa. Mahali pake wakaweka ukingo mgumu ulioongeza inchi 6 kwenye shina la bawa na inchi 3 kwenye ncha, kama sentimita 15 na 7.6. Marubani wakaliita bawa la sita-tatu. Ule ukuta mdogo kama ukucha ni wa hapo. Vifaa vya kubadilishia vilipelekwa Korea 1952 na mafundi wakavifunga palepale kambini. Gharama yake ikawa kwamba ndege inatua kwa kasi zaidi na haina subira na rubani mzembe. Faida yake, ikakata kona kwa nguvu kwenye hewa nyembamba, mahali ambapo zamani MiG ilikuwa inaikimbia tu.

Tofauti ya A na E iko mkiani, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote ingawa picha haikuonyeshi sana. Kwenye A rubani anachezesha kipande cha nyuma tu cha mkia wa ulalo. Ukikaribia kasi ya sauti, wimbi la mgandamizo linakaa juu ya bawaba na kile kipande kinakosa nguvu: unavuta usukani, ndege haisikii. Kwenye E mkia wote unasogea kwa haidroliki, kipande kizima. Ukitaka kuitambua, angalia pale mkia wa ulalo unapoungana na mwili, utaona uvimbe wa bati ambao A haina.

MiG haikuwa na hilo. Aina yake ya baadaye, MiG-15bis, ilipewa msaada wa haidroliki kwenye vipande vya kulaza ndege ubavu, lakini kuinua na kushusha pua kulibaki kazi ya misuli ya mkono. Ikifika Mach 0.92 (asilimia 92 ya kasi ya sauti) breki za hewa zilifunguka zenyewe kuizuia isiende zaidi. Sabre ikiinamisha pua ilivuka kasi ya sauti na kurudi salama.

Kwa hiyo mkuu wa Mwanza: bawa, kisha mkia, kisha kioo cha mbele (A na E za mwanzo zina kioo chenye umbo la V, E za baadaye na F zina kioo bapa). Ukimaliza hapo ndipo usome rangi.

Mdau wa Nairobi

Hii ni shule. Lakini kaka, usituimbie Sabre peke yake. MiG ilipanda juu zaidi na mizinga yake ilikuwa ya kuogopesha. Nayo ilikuwa na aina zake.

Mleta uzi

Umesema kweli kaka, na sitaki kuonekana shabiki wa upande mmoja. MiG-15 ni kazi ya mikono safi sana.

Injini yake ilizaliwa Uingereza. Serikali ya London iliwauzia Wasovieti injini za Rolls-Royce Nene baada ya Vita ya Pili, nao wakainakili wakaiita RD-45. Kisha mhandisi wao Klimov akaikuza ikawa VK-1, na hiyo ndiyo iliyoifanya MiG-15 kuwa MiG-15bis. Kwa nje zinakaribiana mno. Alama ninayoitegemea mimi ni breki ya hewa kwenye ubavu wa nyuma: ya bis ni kubwa zaidi na umbo lake limebadilika. Tofauti na Sabre kwa wote ni nyepesi zaidi: mdomo wa MiG umegawanywa katikati na ukuta wa wima, mkia wake wa ulalo umepandishwa juu kwenye bawa la wima, na juu ya kila bawa kuna kuta mbili zinazozuia hewa isikimbilie ncha.

Kwa silaha, hapo ndipo unaona fikra mbili tofauti kabisa. MiG ilibeba mzinga mmoja wa milimita 37 wenye risasi 40, na miwili ya milimita 23 yenye risasi 80 kila mmoja. Jumla 200 na basi. Iliundwa kuvunja ndege kubwa za mabomu kama B-29, na risasi moja ya 37 ikikupata hakuna mjadala. Sabre ilikuwa na bunduki sita za milimita 12.7, kila moja ikitema risasi 1,200 kwa dakika. Zidisha mwenyewe: risasi 120 kwa sekunde. Lakini ndogo. Marubani wa Sabre walirudi kambini wakilalamika kwamba wameipiga MiG wakaona cheche zinaruka mwilini mwake, na bado ikavuka mto Yalu, mpaka wa Korea na China, kwenda kwao.

Wamarekani wakasikia malalamiko. Mwanzoni mwa 1953 walipeleka Korea Sabre nane za majaribio zenye mizinga minne ya milimita 20 badala ya bunduki sita. Zilipiga vizuri, ila moshi wa mizinga uliingia kwenye mdomo wa injini na injini ikakohoa, wakati mwingine ikazimika angani. Ukitazama picha ya Sabre ukaona matundu mawili kila upande badala ya matatu, umepata mojawapo ya ndege hizo. Mimi nimeiona picha ya namna hiyo mara moja tu na nililala saa nane usiku.

Mdau wa Arusha

Mkuu, nimesoma mahali kwamba MiG zenye nyota ya Korea zilikuwa zinaendeshwa na Warusi. Sasa hapo rangi inasema nini?

Mleta uzi

Hapo ndipo rangi inaposema uongo, dada yangu, na kwa makusudi.

Kikosi cha 64 cha anga cha Wasovieti kilikaa upande wa China, kwenye viwanja kama Antung (leo Dandong), ng'ambo tu ya Yalu. Moscow haikutaka ijulikane kwamba inapigana uso kwa uso na Marekani. Basi ndege zikapakwa alama za Korea Kaskazini au China, marubani wakavishwa sare za Kichina bila vyeo, wakakatazwa kuruka juu ya bahari au kusini kupita mstari wa Pyongyang na Wonsan, wakaambiwa hata redioni watumie maneno ya Kikorea. Wakapewa orodha ya maneno. Fikiria mtu yuko katikati ya kona kali, damu imeshuka miguuni (na suti ya kubana miguu waliyokuwa nayo Wamarekani wao hawakuwa nayo), halafu akumbuke neno la Kikorea la "geuka kushoto". Haikuchukua muda wakarudi kwenye Kirusi chao, na Wamarekani waliokuwa wakisikiliza redio wakajua kila kitu. Pande zote mbili zikanyamaza kwa miaka mingi.

Ivan Kozhedub, bingwa wa Wasovieti wa Vita ya Pili, aliongoza divisheni ya 324 kutoka chini, mwenyewe hakuruhusiwa kupigana. Yevgeny Pepelyaev na Nikolai Sutyagin, waliohesabiwa ushindi mwingi kuliko wenzao wote, walipigana chini ya nyota ambayo haikuwa ya nchi yao.

Na wao pia tatizo la kufanana liliwatesa. Ndiyo maana unaona MiG nyingi za 1951 zimepakwa pua nyekundu. Ni kazi ileile ya mkanda wa njano. Kisha 1952 baadhi zikapakwa rangi za kujificha, kwa sababu bati linalong'aa linaonekana kutoka mbali jua likipiga. Wamarekani wao waliendelea kung'aa. Nadhani tofauti hiyo inakuambia nani alikuwa anatafuta ugomvi na nani alikuwa anataka kuchagua wakati wa ugomvi.

Mdau wa Dodoma

Na mikia ya drafti? Nimeona Sabre zenye mkia kama ubao wa drafti.

Mleta uzi

Hiyo ni Wing ya 51, mkuu. Walikuwa na mkanda wa njano kama Wing ya 4, wakaongeza drafti nyeusi na nyeupe mkiani, na juu ya drafti rangi ya kikosi: buluu, nyekundu au njano. Joseph McConnell, aliyeongoza marubani wote wa Marekani kwa ushindi 16, alikuwa wa mkia wa drafti.

Herufi kubwa za ubavuni nazo zina siri yake rahisi. F ni ndege ya kivita, U ni Sabre, kisha tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili. Ukiona FU ujue Sabre, FT ni F-80, FS ni F-84. Ziliwekwa kubwa ili raia akiona ndege inapita chini juu ya paa lake aweze kuisoma na kushtaki.

Wapo pia Waafrika Kusini, hili wengi hawalijui. Kikosi chao cha 2, waliojiita Duma Warukao, walianza vita na ndege za panga-boi, na mwanzoni mwa 1953 wakapewa F-86F. Mikiani walichora mistari ya rangi ya machungwa, nyeupe na buluu. Waaustralia wa Kikosi cha 77 walikuwa na Meteor, jeti ya Kiingereza yenye mabawa yaliyonyooka. MiG iliwazidi, na mwisho wa 1951 wakaondolewa kwenye mapigano ya jeti kwa jeti wakapewa kazi ya kupiga shabaha za ardhini. Ukiona mfano wa Meteor ya Korea una kangaruu kwenye duara, umedanganywa tena: kangaruu alikuja 1956.

Mdau wa Mwanza

Hizi mashine zilifika kwetu?

Mleta uzi

Ukoo wake ulifika. Mdogo wake, MiG-17, alikuwa Uganda, na ndege za kivita za ukoo huo ziliteketezwa uwanjani Entebbe Waisraeli walipovamia Julai 1976. Za Tanzania zilitoka China, ambako mashine hizi zilitengenezwa kwa majina ya Kichina. Hiyo inastahili uzi wake, sitaki kuigusa juujuu.

Ngoja niwape kisa kimoja kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi kuhusu alama.

Tarehe 21 Septemba 1953, vita imesimama miezi miwili. Asubuhi, rubani wa Korea Kaskazini mwenye miaka 21, No Kum-Sok, akaondoka Sunan karibu na Pyongyang na MiG-15bis yenye namba 2057 nyekundu puani. Akageuza kusini. Dakika 17 baadaye alikuwa Kimpo, katikati ya kiota cha Sabre. Rada ya pale ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Akatua kwa upande usio wake, kinyume na wenzake, Sabre moja ikiwa inatua inamjia kutoka ncha ya pili ya njia, wakapishana. Akaendesha taratibu, akaona nafasi kati ya Sabre zilizoegeshwa, akaingia akaegesha. Nyota ya adui ubavuni, hakuna hata risasi moja. Akafungua kioo, akaichana picha ya Kim Il-sung iliyokuwa chumbani mwa rubani.

Wamarekani walikuwa wametangaza zawadi ya dola 100,000 kwa atakayeleta MiG. Yeye alikuwa hajasikia. Ndege ikapelekwa Okinawa, ikapakwa alama za Marekani na namba 616, ikajaribiwa na rubani wa majaribio Chuck Yeager na wenzake. Leo iko makumbusho ya jeshi la anga Dayton, Ohio, na imerudishiwa 2057 yake.

Mkanda wa njano ulibuniwa ili watu wasipigane kwa makosa. Siku ile kila mtu aliyeangalia juu aliona bawa lililolazwa nyuma, akaona anachotegemea kukiona.

Mdau wa Nairobi

Nimesisimka. Sasa ule mfano wako utaufanyaje? Usiutupe.

Mleta uzi

Siutupi kaka. Bawa la sita-tatu linataka F ya 1953, basi nimetafuta ya 1953. John Glenn, yule aliyekuja kuizunguka dunia kwa chombo cha anga 1962, alikuwa rubani wa wanamaji aliyeazimwa kwenye Wing ya 51. Kila siku alilalamika kwamba MiG hazimtokei, mpaka asubuhi moja akakuta wamemchorea ubavuni maneno ya Kiingereza yanayomwita mwanamaji mwenye wazimu wa MiG. Mwezi Julai, siku za mwisho za vita, akaangusha tatu. Puani kulikuwa na majina ya watu wa nyumbani kwake, mkewe Annie na watoto wawili: LYN ANNIE DAVE.

Stika za mistari myeusi na myeupe nimeziweka kwenye bahasha, zisubiri Sabre A. Mkanda wa njano nimeshapaka, mkono mmoja tu, unasubiri wa pili. Drafti za mkiani nakata kwa wembe kutoka karatasi ya gundi, miraba midogo kama punje ya mchele, na jana nimeharibu upande mmoja nikaanza upya. Majina matatu nitayaandika kwa brashi baada ya yote kukauka. Picha nitaweka hapahapa Jumapili.